OICHA, MJI MDOGO KANDO YA BENI



Katika somo la jografia tulifundishwa juu ya miji ya Japani. Mwalimu alituambia kwamba kando ya mji mkubwa wa Tokyo kuko miji mingi midogo yenye Wajapani wenyewe wanaita «miji ya kitanda». Darasa zima likacheka. Mwalimu akangoja tumalize, halafu akaeleza: ni mji ambao watu wanaulalia tu. Asubuhi mapema baba anapanda treni, anaenda kufanya kazi Tokyo, jioni anarudi, anakula, analala. Mchana mji unabaki na watoto, wamama na wazee. Kwa Kifaransa wanasema cité-dortoir, na sisi wa enterna tunajua vizuri dortoir ni nini.

Alitupa mfano wa mji mmoja unaoitwa Tama, kwenye vilima vya magharibi ya Tokyo. Serikali ilianza kuujenga mwaka 1966, na watu wa kwanza waliingia mwaka 1971. Walipanga kukalisha pale watu karibu 300.000. Kutoka Tama mpaka Shinjuku, fasi ya biro nyingi za Tokyo, treni haimalizi saa moja. Stasio ile ya Shinjuku inapitisha mamilioni ya watu kwa siku moja! Na tiketi ya treni, mara nyingi ni bwana kazi anayeilipa, tiketi ya miezi, siyo ya siku. Lakini kuko matata. Wale walioingia Tama wangali vijana mwaka 1971 leo ni wazee, watoto wao walihama, na masomo kadhaa yamefungwa kwa kukosa watoto. Kwetu sisi wenye kubanana wanne kwenye benchi moja, jambo lile ni gumu kuamini.

Ndipo mwalimu akauliza: «Na kwetu, kuko mji wa namna hii?» Mmoja akajibu kwa haraka: «Oicha! Iko karibu na Beni, na watu wanashinda njiani kutwa.» Lakini mwenzetu mmoja mwenye kutoka Oicha akasimama akasema: «Hapana. Kwetu siyo mji wa kulala. Kwetu ni mji wa kutolala.» Hakuna aliyecheka tena. Kengele ikapigwa, somo likaisha, na swali likabaki pale.

Nimeona ni vizuri nieleze kidogo huo mji, sababu wengi wetu wa Butembo tunaujua kwa jina tu, na jina lenyewe tunalisikia kwa radio wakati wa habari mbaya.

Ukitoka hapa Butembo, Beni ni kilometri 54 kuelekea kaskazini. Njia inateremka, baridi ya mlima inabaki nyuma, koti linakuwa mzigo, na ukiingia Beni unasikia joto ya pori. Beni ni njia panda. Mkono wa kushoto kuko njia ya Mangina. Mkono wa kuume kuko njia ya Kasindi, kilometri 80 mpaka kwenye mpaka wa Uganda. Mbele kuko njia ya Komanda, yenye kwenda Bunia upande mmoja, na upande mwingine Mambasa na Kisangani. Hiyo barabara inayotoka Kasindi, inapita Beni na kuelekea Kisangani njo Route Nationale 4. Ukiishika mbele, unapita Boikene, kartie ya Beni, unapita Ngadi, unapita Mavivi fasi ya kiwanja cha avio, unafika Mbau, halafu Oicha. Toka Beni mpaka pale ni kilometri karibu 30. Mjapani wa Tama anafanya safari kama hiyo kila asubuhi akisoma gazeti. Kwetu ni moto, udongo mwekundu, na kama mvua imenyesha usiku, ni kushuka na kusukuma.

Upande wa magharibi wa Oicha ni pori kubwa la Ituri. Upande wa mashariki kuko bonde la Semuliki na Parc ya Virunga, ambayo Wabeleji waliianzisha mwaka 1925 kwa jina la Parc Albert. Wenyeji ni Wambuba, Wanande na Wambuti, na leo unakuta kabila nyingi, sababu Oicha ni mji wa watu waliokuja.

Walikuja kufuata nini? Hapa ninaomba mwalimu wa jografia anisamehe, sababu Oicha nayo ilizaliwa kama mji wa kitanda, lakini kitanda cha lopitali.

Mwaka 1934 Munganga Carl Becker, Mwamerika wa misioni ya Africa Inland Mission, mama wa CECA 20 ya leo, alifika kukaa Oicha. Alikuwa amekwisha kuwa hapa Kongo tangu 1929, na kule kwao Pennsylvania aliacha kazi nzuri ya udaktari. Alikuta pori. Walijenga kwa miti, udongo na majani, na wagonjwa wakaanza kufika kwa miguu toka mbali. Watu hawakumwita kwa jina lake, walimwita Munganga tu, na ukisema Munganga kila mtu alijua unayemsema. Alifanya operasio, alihubiri, alifundisha vijana wa hapa kazi ya uganga. Kazi hiyo ya mwisho mimi ninaiona kuwa kubwa kuliko zote, sababu munganga mmoja anachoka na kuzeeka, lakini wafundishwa wanazaa wengine.

Zaidi ya yote Oicha ilijulikana ju ya ukoma. Zamani mkoma alifukuzwa nyumbani, akakaa peke yake porini. Oicha walimpokea. Wakapewa kijiji chao, na mashamba yao, na ibada. Katika miaka ya 1950 wenye ukoma waliotunzwa pale walihesabika kwa maelfu. Dawa ya kwanza ilikuwa mafuta ya mti wa chaulmoogra, yenye kupigwa kwa shindano, yenye kuumiza sana na kuponyesha kidogo. Baada ya vita ya pili ya dunia vikaja vidonge vya sulfone, na hapo watu wakaanza kupona kweli. Siku hizi, tangu 1981, wanatumia dawa kadhaa pamoja, kwa miezi sita au mwaka mmoja, na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena wengine. Ninaandika haya sababu bado kuko wanafunzi wenye kuogopa kukaa karibu na mtu aliyepona ukoma. Wanaogopa bure.

Sasa fikirini: mgonjwa mmoja hafiki peke yake. Anafika na mke, na mama yake, na mtoto wa kuchota maji. Hao wanahitaji kula, basi soko linazaliwa. Wanahitaji fasi ya kulala, basi nyumba zinajengwa. Mtu anapona, anaona udongo ni mzuri, anabaki. Watoto wanahitaji kusoma, masomo yanafunguliwa. Njo gisi Oicha ilivyokuwa mji. Siyo serikali iliyochora plani kama kule Tama. Ni ugonjwa ulioita watu, na ni udongo uliowashika.

Mwaka 1964 vita ya Wasimba iliwakimbiza wamisionere. Walipoanza kurudi mwaka 1965, misioni kadhaa zilikubaliana kukusanya nguvu fasi moja, na Munganga Becker akaenda kuanzisha kazi kubwa ya Nyankunde, karibu na Bunia. Oicha ikapunguka sifa, ijapokuwa lopitali iliendelea. Munganga alirudi kwao mwaka 1976, na alikufa mwaka 1990. Lakini jambo la kushangaza lilitokea nyuma. Mwezi wa tisa mwaka 2002 Nyankunde ilishambuliwa, watu wengi sana wakauawa, hata wagonjwa vitandani. Waganga, wauguzi, wanafunzi wao na wagonjwa wenye kuweza kutembea wakashika njia ya pori kwa miguu, kilometri karibu 150, na walifika wapi? Oicha. Mtoto aliyetoka Oicha kwenda kujenga nyumba kubwa alirudi kwa mama yake na nguo moja. Halafu sehemu kubwa ya kazi ya Nyankunde ikahamia Beni.

Hapo njo tunafika kwa jambo la mji mkubwa na mji mdogo.

Mwaka 2003 Beni na Butembo zilipata cheo cha ville. Beni ilikwisha kukua kwa biashara ya Kasindi: simenti, nguo, chumvi, sabuni, mabati, vyote vinavyotoka Mombasa na Kampala vinapita pale. Teritwari yenyewe inaitwa teritwari ya Beni, lakini kao yake kuu iko Oicha. Wageni wengi wanakosea hapa: wanatafuta administrateur wa teritwari ya Beni mjini Beni. Na kwa hiyo kuko jambo ambalo Mjapani angelishangaa: unaweza kukuta mfanyakazi wa serikali mwenye nyumba Beni na biro Oicha. Asubuhi anaacha mji mkubwa kwenda kufanya kazi katika mji mdogo, jioni anarudi. Safari ya Tama, lakini imegeuzwa kichwa chini.

Upande mwingine, wa Oicha wenye kushuka Beni ni wengi zaidi. Kuko wamama wenye kupeleka ndizi, mihogo, mupunga, mawese na makaa. Kuko wenye mbao, sababu mbao nyingi zenye kujenga Beni na Butembo zinatoka pori la upande ule. Kuko wanafunzi wa chuo kikuu. Kuko mwalimu mwenye kwenda kuuliza mshahara wake. Kuko mgonjwa mwenye kutafuta mashini ya kupiga picha. Hakuna treni. Kuko taximan wa moto, na moto moja inaweza kubeba baba, mama, mtoto katikati, na mikungu miwili ya ndizi nyuma. Sisemi ni vizuri, ninasema ninavyoona.

Lakini kitu chenye kufunga Oicha na Beni sana siku hizi ni kakao, na hapa ninapenda kukaa kidogo.

Wazee wetu walilima kahawa robusta. Kisha ukaja ugonjwa wa kukausha mikahawa, wenye waganga wa mimea wanaita tracheomycose. Mti unaanza kunyauka upande mmoja, majani yanaanguka, na baada ya miezi mti wote unakuwa ukuni. Mashamba mengi ya Beni yalikufa katika miaka ya 1990. Watu wakang'oa kahawa wakapanda kakao, na udongo wa Mangina, Mbau, Oicha na Eringeti ukaonekana kuwa umeumbwa kwa ajili yake. Mti wa kakao unapenda joto, mvua na kivuli kidogo. Unazaa baada ya miaka mitatu au mine. Matunda yake hayaning'inii kwenye matawi madogo kama embe, yanaota kwenye shina lenyewe, kana kwamba mtu ameyapigilia misumari.

Wengi wetu tunafikiri kazi ya kakao ni kuvuna na kuuza. Sivyo. Ukipasua tunda unakuta mbegu zenye kufunikwa na utelezi mweupe, mtamu, watoto wanaunyonya. Zile mbegu, ukizionja, ni chungu, na hazina hata harufu ya shokola. Ile harufu inazaliwa katika kuchachusha. Unatia mbegu ndani ya sanduku la mbao, au unazilundika, unazifunika na majani ya ndizi, na unaziacha siku tano, sita, hata saba, ukizigeuza. Zinapata moto zenyewe, maji yanatoka, mbegu inakufa ndani. Halafu unaanika kwenye jua karibu juma moja mpaka zikauke vizuri. Ukiharakisha, kakao inakuwa mbaya, ina kuvu ao ina uchungu, na mnunuzi anakata bei. Kwa kupata kilo moja tu ya kakao kavu unahitaji matunda ishirini au zaidi.

Basi hesabuni. Kuvuna, kupasua, kuchachusha, kuanika: mkulima anatakiwa kuwa karibu na mali yake kwa juma mbili. Zamani alijenga kijumba shambani, akakaa pale na mke wake mpaka kazi iishe. Alilala kule. Alikuwa na vitanda viwili, kimoja Oicha na kimoja shambani.

Kitanda cha shambani ndicho kilichopotea.

Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014 wauaji walianza kuingia vijiji na kartie za Beni, Mbau, Oicha na Eringeti, na kuua watu kwa mapanga na mashoka. Waasi wa ADF, waliotoka Uganda miaka mingi mbele, njo walishitakiwa zaidi. Ninyi wasomaji mnajua. Katika kila darasa letu kuko mtu ambaye amezika. Sitaandika hesabu ya wafu, sababu kila mwenye kuhesabu ana hesabu yake. Tarehe 30 mwezi wa kumi 2019 jeshi lilianza vita kubwa juu yao, na katika mwezi wa kumi na moja Oicha ililia sana. Watu walibeba magodoro kichwani, wakashika ile barabara ya kilometri 30 kwa miguu, kuelekea Beni. Mwezi wa tano 2021 serikali ilitangaza état de siège, waaskari wakachukua biro za raia, na mwisho wa mwezi wa kumi na moja mwaka ule jeshi la Uganda likaingia kupigana pamoja na jeshi letu.

Sasa mkulima alifanya nini? Hakuacha shamba, sababu shamba njo ada ya watoto. Alibadilisha safari. Alianza kulala mjini na kulima mchana. Asubuhi, jua likipanda na habari ikiwa nzuri, anatoka Oicha, ao anatoka hata Beni fasi alipokimbilia, anaenda shambani. Saa nane ao saa tisa anafunga kazi, anarudi. Kama usiku kulisikika risasi, haendi. Wenye shamba mbali wanangojana kwa kundi. Kuelekea Eringeti, kuna nyakati motokari na moto zilingoja waaskari wa kuzisindikiza.

Ukilinganisha na Japani unaona vizuri. Mtu wa Tama anatoka mji mdogo kwenda kutafuta mshahara katika mji mkubwa, kisha anarudi kulala kwenye utulivu. Mtu wetu anatoka mji kwenda kutafuta mshahara porini, kisha anarudi kulala kati ya watu wengi, sababu utulivu umekuwa kitu cha kuogopesha. Yule anakimbia kelele. Huyu anaitafuta.

Na kakao? Kakao haikubali saa za woga. Mwenye kurudi saa tisa hawezi kulinda sanduku lake la kuchachusha usiku. Mwivi anakuja, tena mwivi wa kakao hachagui, anavuna hata matunda mabichi. Basi mkulima anabeba mbegu mbichi kwenye gunia mpaka mjini na kuchachusha nyuma ya nyumba, ao anaziuza vilevile mbichi kwa bei ya chini. Mwenye kuzinunua njo anapata faida. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10.000 kwa tani moja, jambo ambalo halijaonekana mbele. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini bei ikipanda hivyo, na shamba linaita kwa nguvu zaidi, na mtu anasema: leo nitachelewa kidogo tu. Ni hapo hatari iko.

Nisisahau ugonjwa wa Ebola, sababu nao ulipita barabara ileile. Ulitangazwa Mangina tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukaingia Beni, na mwezi uleule ukafika Oicha. Halafu ukapanda kwetu Butembo na Katwa. Mpaka kutangazwa mwisho wake, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wagonjwa walikuwa 3.470, na waliokufa 2.287. Miji yenye kuishi pamoja inauguana pamoja. Mwenye kuuza ndizi Beni asubuhi na kulala Oicha jioni alibeba salamu, alibeba pesa, na mara moja moja alibeba na ugonjwa. Tulinawa mikono mbele ya kila mlango, mnakumbuka, na wengine walicheka wauguzi na kusema ni uongo. Oicha haikucheka sana. Ni watu wenye kukumbuka lopitali.

Juu ya masomo niseme neno moja, sababu hii ni gazeti la masomo. Wakati wa kukimbia, watoto wa Oicha walisomea Beni katika majengo ya wengine, hawa asubuhi, hawa alasiri. Mwenye kusoma alasiri anatoka saa kumi na moja, na giza linamkuta njiani. Wengine waliletwa Butembo kwa shangazi na wajomba, njo maana tuko nao hapa. Mtu akifika katikati ya mwaka bila buletini, tusimwite mjinga. Buletini ilibaki katika nyumba yenye kufungwa kwa kufuli, ao isiyokuwa na kufuli tena.

Tena watu wasifikiri Oicha ni kilio tu. Iko na komine yake na burugumesta wake, soko, makanisa yenye kujaa, lopitali yake ya zamani, redio, kartie zenye majina ambayo wenyeji wanayataja kwa upendo: Tenambo, Mbimbi, Pakanza. Kuko kwaya ambazo zikija huku Butembo, kwaya zetu zinakaa chini kusikiliza. Na kuko lituma ya ndizi na sombe ya mawese. Mimi si mtu wa kule, ni mtu wa baridi na wa bugali, lakini ile nimekula na ninaishuhudia.

Baada ya somo nilimfuata yule mwenzetu, nikamwuliza kwamba wakati wa likizo anafika kwao namna gani. Akanieleza kama mtu mwenye kusoma ratiba ya treni. Anatoka Butembo saa kumi na mbili asubuhi, siyo mbele. Anatakiwa kuwa Beni mbele ya saa nne. Pale hapandi moto mara moja: anapigia simu mama yake kwanza, na mama anauliza taximan wawili waliofika sasa hivi kutoka kwenye barabara. Kama wote wawili wanasema sawa, anapita Boikene. Kama mmoja anasema sawa na mwingine ananyamaza, analala Beni kwa mjomba. Akifika Oicha, anasema, hata jua likiwa bado juu, mama hampi chakula kwanza. Anamtuma afunge mbuzi, achote maji ya usiku na atie betri katika tochi. Halafu wanakula.